Kombe la Mama Nyuma ya Kioo

Mama yangu hawezi kumrudishia mtu sahani tupu. Jirani akimletea bamia, sahani ile itarudi na kitu juu yake, hata kama ni vindimu vya uani vilivyosinyaa. Nilipokuwa msichana tabia hii ilinikera, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa natumwa kurudisha, na mara nyingi kilichowekwa juu ya sahani kilikuwa kitu ambacho tayari nilikuwa nimekipigia mahesabu. Nayasema haya mwanzoni ili ieleweke kwamba zogo ninalotaka kulisimulia, la kwenye maonyesho ya makumbusho, halikuletwa na dini wala na uzee. Lililetwa na ukarimu wa mama, ambao haujui breki.

Binti mmoja wa maonyesho hayo alifika kwa mama, Bagamoyo mjini, siku ambayo na mimi nilikuwapo. Mimi naishi Mapinga, nina duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya Dar, na mwisho wa wiki huja kwa mama na kirikuu changu, kale kagari ka mizigo ambako kila fundi wa Mapinga anakajua kwa mlio. Binti alivua viatu mlangoni, akampa mama shikamoo, akanipa na mimi yangu, akakaa mkekani bila kubembelezwa. Nilimpenda palepale, jambo ambalo si kawaida yangu kwa watu wanaokuja na makabrasha.

Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, msemaji wa taratibu. Alisema wanaandaa maonyesho katika jumba la makumbusho kuhusu Qurani: namna ilivyoandikwa kwa mkono zamani katika pwani hii, na namna maneno yake yalivyoingia kwenye vitu vya kila siku. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Alikwisha kupata msahafu ulioliwa pembeni na mchwa, ubao wa chuoni, yaani madrasa, wa kujifunzia kuandika, marufaa ya kuwekea msahafu wakati wa kusoma, hirizi za ngozi, na saa ya ukutani ya plastiki inayoadhini. Hata kioo cha nyuma cha bajaji chenye maandishi ya Mashaallah alikuwa nacho. Alichokosa ni sahani ya kombe.

Nasema kombe la kunywa, si lile la mpira. Huku kwetu mtu akiumwa, au akiwa na jambo zito mbele yake, maalim humwandikia aya juu ya sahani nyeupe kwa wino wa zafarani. Wino ukishakauka huoshwa kwa maji na marashi ya mawaridi, maji yanageuka manjano, na mwenye shida anayanywa. Ndiyo dawa yenyewe. Wapo wanaolipinga, na imamu wa msikiti ninamosali kule Mapinga amelisema vibaya mara nyingi tu. Mimi sikuwa upande wowote. Nilinywa nilipokuwa mtoto, nikaacha nilipokuwa mtu mzima, na sikumbuki kama niliwahi kuamua kuacha.

Mama anayo sahani ya kazi hiyo tu, ya kaure, nyeupe yenye ukingo wa buluu, aliyoachiwa na mama yake. Hailiwi wali wala haiwekewi tende. Inakaa juu ya kabati, imefungwa kwenye kanga.

Na mwaka ule mama alikuwa mgonjwa kweli. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa Dar alikwisha sema lazima apasuliwe. Alisema pia, akiniangalia mimi na si yeye, kwamba hawezi kuahidi watakuta nini huko ndani. Tulikuwa tunasubiri kitanda. Mama aliogopa kisu. Sisi wote alituzaa nyumbani, hospitali kwake ilikuwa ni mahali pa kwenda kutazama wengine, na aliniambia waziwazi kwamba hatalala kwenye meza ya kupasuliwa kabla hajanywa kombe lake. Nilikubali. Ningekubali hata angesema haendi bila kuku wake. Nilichotaka mimi ni apande gari.

Basi Alhamisi moja baada ya alasiri wanawake wa mtaani wakakusanyika sebuleni kwake. Aliyewaongoza kusoma Yasini ni shoga yake mama wa tangu utotoni, mwanamke mwenye sauti nzito hata tulikuwa tukimtania kwamba akiachiwa ataadhini. Maalim aliketi kando, sahani pajani. Maalim huyu hufundisha watoto chuoni jioni, na mchana anaendesha bajaji, lakini mkono wake ukiacha usukani ukashika kalamu ni mkono wa kutazamwa. Alianza katikati ya sahani akawa anazunguka kuelekea ukingoni, mstari ndani ya mstari, na alipomaliza akanuia kwa jina la mama. Wanawake wakaisogeza sahani mkono kwa mkono, kila mmoja akipulizia dua yake. Shoga yake mama alikaa nayo zaidi ya wote.

Mimi nilikuwa jikoni na birika la chai, nasubiri kuitwa nipeleke kikombe cha kunywea. Sikuitwa. Nilipotoka nikamkuta mama anaifunga sahani kwenye kitambaa cha pamba.

"Mama, hujalinywa?"

"Linakwenda kwenye maonyesho."

"Dawa yako ndiyo inakwenda kwenye maonyesho?"

"Kwani hospitali wamekwambia kitanda kipo? Wamesema tungoje. Maonyesho yatakwisha, litarudi, nitalinywa, tutakwenda. Au ulitaka nimpe yule mtoto sahani tupu? Watu watoke Dar, watoke Ulaya, waje watazame sahani tupu? Waseme mama yako hana maalim, hana na watu wa kumsomea?"

Niliwaka. Nilisema binti aliomba sahani, hakuomba karamu. Nilisema kama ni dawa inywewe, na kama si dawa basi twende hospitali tuache kupoteza wakati. Shoga yake mama alinitazama hadi nikamaliza, kisha akaniuliza kama chai imeiva. Nikarudi jikoni.

Siku maonyesho yalipofunguliwa nilikwenda nikiwa nimenuna, na sikukaa nimenuna muda mrefu. Jumba lile lina kuta nene na ndani kuna ubaridi hata jua likiwa la mchana. Vitu ambavyo nimeviona maisha yangu yote bila kuviona vilikuwa vimewekewa taa kimoja kimoja. Nilisimama mbele ya ubao wa chuoni uliokwanguliwa na kuandikwa tena na tena hadi mbao imeingia ndani katikati, nikafikiria vidole vya watoto wote wale. Mzee mmoja kando yangu alikuwa anausoma ule msahafu wa mchwa kupitia kioo, midomo ikimtembea, na alipofika mwisho wa ukurasa alinyoosha mkono kufunua, akagonga kioo. Alicheka mwenyewe. Na mimi nikacheka naye.

Kombe la mama lilikuwa peke yake kwenye kabati la kioo, limeinamishwa kidogo ili watu wasome. Chini ya taa zafarani ilikuwa ikiwaka. Mama aliletewa kiti, akakaa pembeni yake na kanga mpya na wanja, anawakaribisha watu kama wamekuja kwake. Wazungu walimuuliza, kupitia kwa binti, maneno yale ni mazuri kwa ugonjwa gani, naye akajibu, "Waambie ni langu, la tumbo." Sijamwona na furaha vile tangu baba afariki. Nilijiambia kama hili linampa nguvu ya kungojea, basi linafanya kazi bila hata kunywewa.

Maonyesho yakiwa bado yanaendelea, shoga yake mama akafariki. Alianguka wakati anatawadha, na alipofikishwa hospitali ya wilaya alikuwa amekwisha kata roho. Mama alikaa ndani siku nyingi. Hakulia sana mbele za watu, ila nilikuwa nikimsikia anaongea peke yake chumbani, anamgombeza, anamuuliza nani kamruhusu atangulie.

Haukupita muda, simu ya hospitali ikaja. Ilikuwa Ijumaa, nipo dukani nampimia fundi nondo. Kitanda kimepatikana, mgonjwa alazwe Jumatatu, na asipofika watapewa wengine. Nilimwacha fundi na nondo zake mikononi. Niliendesha kirikuu kwenda Bagamoyo na sikumbuki nilivyopita Zinga.

Mama alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Kwanza kombe."

Nilisema kwa upole, upole wangu wote niliokuwa nao, kwamba maonyesho hayajaisha. Nikasema Maalim yupo, zafarani ipo, nitanunua sahani nyingine nyeupe sasa hivi, aandikiwe jingine jioni ileile.

"Jingine atanisomea nani?" alisema. "Lile lina pumzi ya mwenzangu. Alikaa nalo, ulimwona. Jingine nitapuliziwa na nani, na wewe unayenuna?"

Nikamuuliza, na asipolipata lile je? Akasema asipolipata haendi. Alisema bila hasira, akakunja miguu mkekani, na mimi namjua mama yangu akikunja miguu namna ile. Uvimbe ulikuwa tumboni mwake, kitanda kilikuwa Dar, na katikati kulikuwa na kioo chenye kufuli.

Nikaenda makumbusho. Ningependa kuandika kwamba nilizungumza kistaarabu. Nilimkuta binti anawapanga wageni, nikamwambia nataka sahani ya mama yangu. Alinipeleka pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama alitia sahihi, kila kitu kinakaa hadi siku ya kufunga, na ufunguo anao lakini ruhusa hana. Nikamuuliza ruhusa ya nini, ya kumpa mtu dawa yake? Nikasema wanakuja nyumba za watu na shikamoo nyingi, wakishapata wanageuka askari. Nikasema mengine. Watu walianza kutuangalia badala ya kuangalia maonyesho.

Dukani kwangu kuna kibao kikubwa cha rangi nyekundu: mali ikishauzwa hairudishwi. Watu wameshanililia mbele ya kibao kile, mtu kanunua bati za kipimo kibaya, mtu kafiwa hajengi tena, nami nawanyooshea kidole tu wasome. Siku ile nilikuwa mimi ndiye ninayelia, na nililia kweli, pale kati ya hirizi na saa ya plastiki, nikamwambia yule binti kwamba mama akikosa Jumatatu sijui kama kutakuwa na Jumatatu nyingine.

Hakunigombeza wala hakunishika bega. Alitoa simu akampigia mkubwa wake Dar. Alieleza kila kitu vizuri kuliko nilivyoeleza mimi, hata habari za marehemu alizitaja, kumbe mama alishamsimulia. Sauti ya upande wa pili niliisikia kidogo. Ilisema sahani isitoke ndani ya jengo, basi, na mengine wataongea. Simu ikakatika.

Nikageuka niondoke. Binti akanishika mkono.

"Amesema sahani isitoke," akasema. "Hakusema bibi asiingie."

Jumapili asubuhi Maalim alimleta mama kwa bajaji yake, polepole, akikwepa kila shimo. Mimi nilibeba jagi la maji, chupa ya marashi na kikombe. Binti alikuwa ametangulia kufika, amevaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino, akanong'ona kwamba ibada ya kwanza imempita, ataenda ya pili. Tulitaka tumalize kabla ya kufungua milango, lakini kundi la wanafunzi wa chuo kikuu lilikwisha kufika na mwalimu wao, na mama aliposikia wapo nje juani akasema waingie. Wageni hawaachwi nje.

Binti alivaa glavu zake nyeupe, akafungua kufuli, akaitoa sahani kwa mikono miwili.

"Vua hizo, mwanangu," mama akamwambia. "Mikono yako si misafi?"

Alinitazama mimi, kisha Maalim, kisha akazivua. Nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kugusa kitu bila glavu katika maonyesho yake mwenyewe. Alimshikia Maalim sahani, naye akamimina maji kidogo kidogo na marashi kidogo, akainamisha huku na huku. Maneno yalianza kuachia kutoka ukingoni. Mistari ikalegea, ikawa nyuzi za manjano, ikakusanyika katikati. Harufu ya mawaridi ikajaa chumba kizima. Niliona binti ameuma mdomo. Wiki zote zile alikuwa akiyalinda maandishi yale yasiguswe hata na vumbi, na sasa yalikuwa yanaondoka mbele ya macho yake, kwenye mikono yake mwenyewe. Mwanachuo mmoja aliinua simu apige picha, mwenzake akaishusha.

Maalim alimimina maji yale kwenye kikombe hadi tone la mwisho, akampa mama. Sahani ikarudi mahali pake, nyeupe, bado imelowa. Binti aliuliza kama kile kikaratasi cha maelezo akiache au akibadilishe, kwa maana kilisema watu watazame maandishi. Mama akamwambia aandike kwamba mwenyewe amelinywa. Kuna waliocheka, na mama akafurahi kwamba wamecheka.

Kisha akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa macho amefumba, kwa mafundo madogo, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na moyo wangu tayari ulikuwa Dar, nafikiria shuka, nafikiria foleni ya malipo ya kulazwa, nani nimwachie duka, nitakipaki wapi kirikuu. Nilifikiria pia yule daktari alivyoniangalia. Nilikuwa sijalala vizuri tangu siku ile aliponiangalia, na sikuwa nimemwambia mtu.

Mama akaacha kunywa. Kikombe kilikuwa bado na nusu. Nikadhani kimemshinda, nikainama nimwambie ajitahidi amalize, si ndilo lililotutoa roho?

Akaninyooshea kikombe.

"Hiki chako," akasema.

"Mama, ni lako. Limenuiwa kwa jina lako. Maalim, si ni lake?"

Maalim akatazama pembeni.

"Kunywa," mama akasema. "Mimi huko watanichoma sindano nilale, sitajua kinachoendelea. Wewe ndiye utakayekaa macho kwenye benchi."

Nilikipokea. Sikuwaza imamu atasema nini, wala sikujiuliza naamini au siamini. Nilikunywa mbele ya wanachuo na mwalimu wao na yule binti mwenye gauni la kanisani, na machozi yalikuwa yanaingia kikombeni, na mama akawa ananifuta shavu kwa ncha ya kanga yake huku akimweleza binti kwamba huyu tangu mdogo ni mkali hivi, lakini ni mwoga sana.

Ilikuwa kweli, na sikujua kwamba anajua.

Siku ya kupasuliwa nilikaa kwenye benchi la hospitali tangu walipomwingiza. Nilikaa tu. Watu walinisukuma, mlinzi alinihamisha mara nyingi, muuguzi akapoteza faili akalipata, na sikugombana na mtu yeyote. Mchana ulikuwa umeshainama daktari alipotoka, akavua kofia yake, akaja hadi nilipo. Akaniambia uvimbe umetoka wote, na kwamba mama ameamka, na neno la kwanza aliloliuliza ni kama mwanawe huko nje amepata mtu wa kukaa naye.